Mboga Zinazovuka Ziwa

Niliolewa Takawiri, kisiwa cha Ziwa Victoria, nikitoka Kuria, huko Migori ambako ukifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza unachokiona ni shamba. Kwetu kulikuwa na mahindi, migomba, mihogo na wimbi, na nyuma ya jiko la mama yangu kulikuwa na mboga ambazo hakuna aliyezifikiria kuwa mali. Ukitaka mrenda unainama, unachuma, unarudi jikoni kabla maji hayajachemka. Sikuwahi kujua kwamba mboga ni kitu cha kusubiriwa.

Kisiwani nilijifunza kusubiri. Mboga zetu zilikuja kwa boti kutoka Mbita, mji wa ng'ambo. Alizileta mjane mmoja mwenye sauti kubwa na kofia ya kijani, ambaye sote tulimwita Mama Mboga kana kwamba hakuzaliwa na jina lingine. Alivuka alfajiri, na jua likianza kuwa kali alikuwa amerudi, magunia yake yamelazwa katikati ya boti kati ya madumu ya mafuta na kreti za soda. Sukuma wiki ikifika kwangu ilikuwa imelegea kama kitambaa cha kupangusia meza, na bado tuliigombania. Upepo ukikataa, hakuna boti. Hakuna boti, hakuna mboga. Siku hizo tulikula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, kesho yake omena na ugali, na mtoto wangu wa kwanza akakua akidhani sukuma ni chakula cha wageni.

Mume wangu ni Mjaluo, fundi wa injini za boti. Mimi ni Mkuria. Kwa miaka ya mwanzo hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili, na mpaka leo ndiyo lugha ya nyumba yetu. Ugomvi wetu wa kwanza mkubwa ulikuwa juu ya mboga.

"Mmezungukwa na maji pande zote," nilimwambia. "Mna udongo. Samadi ya mbuzi inaoza tu huko nyuma ya zizi. Halafu mnapanga foleni kununua majani yaliyonyauka?"

"Sisi ni watu wa samaki," akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini aliyokuwa ameifungua.

"Na samaki wenyewe wako wapi?"

Aliinama zaidi juu ya injini. Wote tulijua kwamba boti zilikuwa zikirudi nyepesi. Wavuvi waliokuwa wakileta mbuta wa kubebwa na watu wawili sasa walirudi na samaki wa kutosha sufuria moja, na wengine walirudi na neti zilizochanika tu. Hata hivyo ukitaja jembe mbele yao walikutazama kama mtu aliyetukana.

Nilianza na akina mama wa kanisani. Tulikuwa na chama chetu cha kusaidiana kwenye misiba na harusi, na mwenyekiti wake alikuwa mke wa shemeji yangu mkubwa, yaani mke mwenzangu wa boma kwa hesabu za Kijaluo, kwa sababu waume zetu ni ndugu. Ni mwanamke mtulivu ambaye hafanyi jambo kabla halijazeeka. Niliwaeleza kwamba tukilima bustani moja kwa pamoja tutakula, na kitakachobaki tutawauzia watu wa hapa hapa, pesa zisivuke maji kila asubuhi. Walipiga makofi. Wakauliza ardhi iko wapi.

Ardhi ilikuwa ya mama mkwe wangu. Nyuma ya boma lake kulikuwa na kipande kilichoteremka hadi karibu na ziwa, kimejaa mawe na miiba. Mama mkwe ni mtu mdogo wa mwili na wa maneno. Tangu nifike ananiita *nyar Kuria*, binti wa Kuria, na sikuwahi kujua kama ni mapenzi au ni kunikumbusha nilikotoka. Nilimpelekea ombi langu pamoja na chai. Alikunywa chai yote kwanza.

"Lima," akasema. "Lakini mbegu nitaitoa mimi."

Nilisema sawa, Mama, bila kufikiria. Nilidhani anataka kutugawia mbegu.

Tulifyeka miiba, tukang'oa mawe na kuyapanga kama kuta ndogo ili udongo usiteremke. Tulibeba samadi kwa karai. Waume zetu walituletea neti zilizokufa, tukazizungusha kwenye vigingi kuzuia mbuzi na kuku. Nilipanda kitalu cha sukuma kwenye beseni lililotoboka nyuma ya nyumba yangu, na akina mama wengine wakatafuta mbegu za managu, saga na kunde. Mikono yangu ilitoka malengelenge, na ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe niliposikia mwili wangu uko nyumbani.

Ndipo binti wa mama mkwe, aliyeolewa Karungu, akajifungua na kubaki dhaifu. Mama mkwe akafunga mfuko wake, akapanda boti hadi Mbita na kutoka hapo akapanda gari kwenda kumuuguza. Baada tu ya yeye kuondoka, mvua ikaja.

Ilikuja vizuri, ile mvua ya asubuhi inayonyesha bila hasira na kuacha udongo umelainika kama unga uliokandwa. Nilisimama kwenye kipande chetu, jembe begani, nikiwangoja wenzangu. Hakuja mtu. Nilimfuata mke mwenzangu, mwenyekiti wetu, nyumbani kwake, nikamkuta anapepeta mchele.

"Mbona hamji? Udongo uko tayari."

"Mama hajarudi," akasema.

"Najua hajarudi. Kwani yeye ndiye atashika jembe?"

Aliweka ungo chini, akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya chooni. Kwenye boma la Mjaluo, mama wa boma ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini. Akishatoa yeye, anafuata mke wa mwana mkubwa, kisha anayemfuata, mpaka wa mwisho. Kuruka mstari huo ni kuita mabaya juu ya nyumba. Mimi ni mke wa kitinda mimba. Katika boma lile nilikuwa wa mwisho kwa kila kitu, na sasa nikagundua kwamba nilikuwa wa mwisho hata kwa kunde.

"Si sisi tumeokoka?" nikauliza.

"Tumeokoka," akasema. "Lakini hatujatoka kwenye boma."

"Na hili si shamba la boma. Ni la chama."

"Ardhi ni ya nani?"

Aliuchukua tena ungo wake. Akaendelea kupepeta. "Ukipanda leo, kesho mimi sitakanyaga hapo, na hao wengine hawatakanyaga. Utabaki na bustani yako peke yako. Ndivyo unavyotaka?"

"Nataka kula mboga."

"Basi ngoja."

Nilipanda juu kwenye mwamba ambako simu hushika mtandao, nikampigia mama mkwe. Nilisikia mtoto mchanga akilia nyuma yake.

"Mama, huku mvua imenyesha."

"Hata huku imenyesha."

"Miche imerefuka kwenye kitalu. Naomba tuanze, ukirudi utatubariki."

"Nani ataanza?" akauliza.

Nikamwuliza wifi yangu anaendeleaje.

"Nitakuja," akasema. "Huyu akipata nguvu nitakuja."

Mvua ikaendelea. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia udongo ule mweusi, uliolowa, uliokaa bure, na kila asubuhi nilimchukia mtu tofauti. Siku moja nilimchukia mke mwenzangu, siku nyingine mume wangu, ambaye nilimwomba aniruhusu akasema hayo ni mambo ya mama, siku nyingine watu wote wa Kuria kwa kuniacha niolewe majini. Sukuma kwenye beseni zikawa ndefu na njano, zikaanza kulalia upande. Magugu yalikuwa huru kuota bila kumngoja mtu. Hayo hayana mama mkwe.

Nakubali kwamba nilishika jembe mara moja na kufungua shimo la kwanza. Nilisimama pale na mche mkononi. Kisha nikauona moshi wa jiko la mke mwenzangu, nikafikiria jinsi itakavyokuwa kulima peke yangu kati ya wanawake wasioniamkia. Nikafukia shimo kwa mguu, nikarudi nyumbani, nikasugua sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Mama mkwe alirudi mvua ikiwa imehamia upande wa Rusinga. Tuliiona kutoka kwetu, pazia la kijivu juu ya vilima vya wengine. Alishuka kwenye boti na hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipande chetu, mfuko wa safari bado begani, akaokota kijiti, akatoboa udongo na kutia punje za kunde alizozitoa kwenye pindo la leso yake. Aliomba kwa Kijaluo, maneno machache, akimtaja Yesu na pia wazee waliolala pale. Kisha akampisha mke mwenzangu. Kisha mimi.

"Sasa endeleeni," akasema.

"Mama, mvua imeenda."

"Ziwa halijaenda."

Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe utakayebeba dumu. Sisi tulibeba. Asubuhi na jioni tulipanga mstari kutoka majini hadi kwenye vitalu, tukipanda mteremko ule wa mawe na madumu kichwani, shingo zikiuma. Wale waliokuwa wamepiga makofi kwa nguvu zaidi ndio walioanza kuugua migongo kwanza. Kila juma tulipungua.

Katikati ya taabu hiyo walikuja wageni, watu wa mradi fulani, kwa boti ya kukodi na fulana zinazofanana. Waliipenda bustani. Walitupanga, wakatupiga picha, wakaahidi pampu ya jua na mabomba. Tulicheza ngoma siku hiyo. Kilichofika kwanza kilikuwa kibao cha chuma chenye picha ya wanawake wanaocheka, ambao hawakuwa sisi. Kilisimikwa kwa saruji ya kweli. Baada yake ikaja pampu bila mabomba. Niliwapigia simu mpaka nikakariri wimbo ule wa kungojea. Mara ya mwisho msichana aliyepokea aliniuliza Takawiri iko kaunti gani. Upepo ulipokiangusha kile kibao, tuliziba nacho pengo ambalo mbuzi walikuwa wakipitia, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kiliwahi kutufanyia.

Lakini mboga ziliota. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Kunde zilitangulia, managu zikafuata, na sukuma zangu, zile za njano nilizodhani zimekufa, zikasimama na kutoa majani mapana ya kijani kinachokaribia bluu. Tulikula. Tulikula mpaka watoto wakalalamika. Siku tuliyochuma za kuuza niliamka mapema kama mtu anayekwenda harusini. Tulizifunga mafungu, tukazinyunyizia maji, tukazipanga juu ya gunia safi chini ya mti ufuoni.

Watu wakaja. Walizisifu. Walizigusa.

"Hizi ni za kwenu huko nyuma?"

"Ndiyo, tumezichuma asubuhi hii."

"Basi nipe kidogo nionje."

Wakapewa kidogo waonje. Mwingine akasema yeye ni shangazi wa mume wangu, anunueje mboga ya nyumbani kwao? Mwingine akasema mumewe ndiye aliyetoa zile neti. Mwingine, mke wa mwenye boti kubwa, aliinua fungu hadi puani, akalirudisha. "Zinanuka mbuzi," akasema, akaenda zake. Boti kutoka Mbita ilipogusa mchanga, wale wale walionyoosha mikono kwetu wakakimbilia huko, wakatoa pesa bila kunung'unika, wakaondoka na sukuma zilizolegea. Wengine walipita mbele yetu nazo na kutusalimu.

Hilo ndilo lililoniuma, kuliko mvua na kuliko dumu. Tungekuwa na mboga mbaya ningeelewa. Lakini mboga ilikuwa nzuri, na kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba walijua imeota wapi. Kitu cha jirani kinaombwa. Kitu kilichovuka maji ndicho kinachonunuliwa.

Nilirudia hivyo kwa siku nyingi, na kila mara nilirudi na gunia la majani yaliyonyauka, nikawapa mbuzi wale wale niliopigana nao. Mwishowe nilimfuata Mama Mboga nyumbani kwake. Nilikwenda kugombana, na yeye aliliona hilo kabla sijaketi.

"Umekuja kuniambia niache biashara," akasema.

"Nimekuja kukuuliza kwa nini unaleta mboga mahali penye mboga."

"Kwa sababu wananunua." Alivua kofia yake akajipepea. "Wewe unapenda kulima. Ni sawa. Unadhani mimi napenda boti? Sijui hata kuogelea. Kila asubuhi nikikaa pale ninashika mbao hivi, mpaka tufike. Mume wangu alibaki kwenye maji hayo. Sasa niambie, nikiacha kuvuka, wanangu watakula maneno yako?"

Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima, lakini ikapotea. Miaka yote hiyo nilimwona akishuka kwenye boti akicheka na kutukana manahodha, na sikuwahi kutazama mikono yake.

Yeye ndiye aliyesema, "Nipe mimi hizo mboga zenu niuze. Mtu anayeuza kila siku anajua kuuza. Nami nitavuka mara chache, kwa vitunguu na kabeji tu."

Niliona ni jambo la akili. Chama kikaona hivyo pia. Tukaanza kumpelekea asubuhi, na kila jioni alirudisha gunia tupu. Zote zimeisha. Kesho yake, zote. Nilimwambia mume wangu kwamba watu wa kisiwa wamebadilika. Nilisema kwa majivuno, kama vile mimi ndiye niliyewabadilisha.

Siku moja nilishuka ufuoni kununua mafuta ya taa, nikamkuta Mama Mboga amepanga meza yake karibu na mahali boti zinapotia nanga. Mbele yake alikuwa amesimama yule mke wa mwenye boti, fungu la sukuma yetu mkononi. Nililijua kwa kamba ya neti tuliyofungia. Alikuwa akilitikisa mbele ya mwenzake.

"Hii ndiyo sukuma," alikuwa akisema. "Ona jani. Mbita wanajua kulima. Si zile za mbuzi za huku kwetu."

Nilifungua mdomo. Mama Mboga akanitazama juu ya bega la mteja wake, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikaangalia vizuri. Mboga zetu zilikuwa ndani ya magunia yake ya Mbita, yale yenye mistari, yaliyolowa maji ya ziwa kama yaliyotoka kushushwa sasa hivi.

Sikununua mafuta. Nilipanda moja kwa moja hadi bustanini, nikawakuta wenzangu wakipalilia, nikawaeleza yote. Nilidhani tutateremka wote pamoja. Badala yake walicheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kati ya managu, akashika mbavu.

"Zinaisha?" mke mwenzangu akaniuliza, akijifuta macho.

"Zinaisha, lakini..."

"Basi waache waseme zimetoka Nairobi."

"Lakini tulisema tunataka watu wanunue vitu vya kwao! Si ndiyo ilikuwa maana yake?"

"Maana yake ilikuwa tule," akasema mke mwenzangu. "Na tunakula."

Nilijua ana haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Kwa majuma mengi nilipalilia nikiwa nimefunga mdomo. Nilikuwa nalima mboga ya Mbita kwenye kisiwa cha Takawiri.

Upepo ndio uliovunja siri. Ulivuma siku kadhaa mfululizo, mawimbi meupe mpaka kwenye upeo wa macho, na boti zote zikavutwa juu mchangani. Siku ya kwanza watu walikula walichokuwa nacho. Baadaye wakaenda kwa Mama Mboga wakitarajia kumkuta amelala, wakamkuta amepanga meza, sukuma mbichi, kunde mbichi, umande bado juu ya majani. Mimi nilikuwa nimeshuka kumsaidia kubeba, kwa hiyo niliona nyuso zao zikihesabu.

"Boti haijavuka," mzee mmoja akasema. "Hizi umezitoa wapi?"

Mama Mboga hakuwa mtu wa kubabaika. "Pale ninapozitoa kila siku," akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Kelele zikapanda. Wengine walicheka. Wengine walisema wamedanganywa. "Mimi niliwahi kusema ni za Mbita?" Mama Mboga akawajibu. "Ninyi ndio mlisema. Mimi nilinyamaza tu, na kunyamaza si kosa." Yule mke wa mwenye boti alijipenyeza mbele, akaliangalia fungu lililokuwa mkononi mwake, fungu alilokuwa ameshalilipia.

"Basi kama ni za hapa," akasema, "punguza bei."

Hapo ndipo nilipopasuka. Sikumbuki kila neno. Nakumbuka nilimwambia kwamba juzi tu jani hilo lilikuwa zuri kuliko yote ziwani, na halijabadilika, kilichobadilika ni mdomo wake. Nilimwuliza kama anadhani maji tunayobeba kichwani ni mepesi kwa sababu sisi ni jirani zake. Niliuliza kwa nini mgongo wa mtu wa Mbita una bei na wangu unaonjwa bure. Nilisema kwa Kiswahili, na kilipoisha nikaongeza kwa Kikuria, ambacho hakuna aliyekielewa, na huenda ilikuwa heri. Watu walirudi nyuma. Mama Mboga alinishika kiwiko.

Yule mwanamke aliliweka fungu mezani taratibu, akaenda bila kudai pesa yake. Kesho yake upepo ulikuwa bado haujatulia, na alimtuma mtu kuja kununua. Alilipa bei ile ile. Yeye mwenyewe hajanisalimia mpaka leo, na kanisani tunakaa pande tofauti.

Jioni ile mama mkwe aliniita. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu, maana kisiwa ni kidogo. Nilijitayarisha kukemewa kwa kumkosea mtu mkubwa hadharani. Alinipa kiti, akanimiminia uji.

"Nasikia ulipiga kelele," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kikuria pia?"

"Ndiyo, Mama."

"Kunywa uji," akasema, na hatukulizungumza tena. Siwezi kusema alinitetea. Siwezi pia kusema alinilaumu. Miaka yote hii, bado sijui kumsoma.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo kisiwa kilinunua mboga zake kwa fahari. Wengine hununua. Wengine huomba bado, na wengi husema kwamba siku hizi sukuma ina ladha tofauti, si kama ilivyokuwa ile ya Mbita, ingawa ni ile ile. Ziwa nalo limepanda. Limemeza vitalu vyetu vya chini, vile vyenye udongo mzuri uliotugharimu mgongo kuliko vyote, na pamoja na maji akaja kiboko. Tulikuta alama zake asubuhi, pana kama karai, zimepita katikati ya kunde kama mtu anayekwenda sokoni. Alikula alichokipenda akakanyaga kilichobaki. Tulipiga simu kwa watu wa wanyamapori, wakasema watakuja. Hawajaja, na sasa tunasukuma bustani juu zaidi, kwenye mawe, ambako kila dumu linapanda mbali zaidi.

Chama kimebaki na wanawake wachache. Mmoja wao ni Mama Mboga. Siku moja alikuja na jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani, akasema amechoka kushika mbao za boti na tumwonyeshe sehemu yake. Halimi vizuri. Anapanda miche imesongamana kama abiria, na nikimwambia aipunguze ananiambia nimwache, mboga zinapenda kuwa na wenzao. Tunagombana karibu kila asubuhi. Leo tumegombana juu ya samadi, mimi nikisema haijaiva, yeye akisema imeiva, na mwishowe kila mmoja ameweka anavyotaka kwenye upande wake. Kisha tukachukua madumu tukateremka majini, yeye akisimama ufuoni mahali ambapo maji hayafiki magotini, kwa sababu bado hapendi kina, na mimi nikiingia mbele kidogo kumjazia lake.